Picha ya Betri

Kila alasiri, kabla banda la video halijafunguliwa, Abdiel alisimama nyuma ya ukuta wa mabati na kikombe mkononi, akisukutua. Ndani ya kikombe mlikuwa na maji ya vuguvugu, chumvi kidogo na tangawizi iliyotwangwa. Mkewe Nice ndiye aliyemwandalia, akakifunika kikombe na kisahani ili vumbi la barabarani lisiingie. Abdiel alisukutua, akainua uso juu kama kuku anywaye maji, akatema kwenye migomba ya jirani. Halafu alijaribu sauti. Hakuimba wala hakusema neno. Alinguruma tu polepole, kama mtu anayewasha pikipiki ya zamani, mpaka aone koo limeshika. Hapo ndipo alipoingia ndani, akakaa kwenye kigoda chake kushoto kwa televisheni na kuilaza fimbo ya mwanzi mapajani.

Meno aliyoyasukutua yalikuwa ya kahawia, kama ya watu wengi waliozaliwa Maji ya Chai na kunywa maji ya huko tangu wadogo. Mchana, akizungumza na mgeni, alipenda kuweka kiganja mdomoni. Ndani ya banda hakuhitaji kiganja. Gizani mle alikuwa sauti tu, na sauti yake ilipendwa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mwenye kitu aliuza na asiye nacho alikwenda kukitafuta. Mitumba ilikuwa imefika, sabuni za kila rangi zilikuwa zimefika, na Reginald, Mchaga wa Marangu aliyeuza vipuri vya baiskeli kando ya barabara kuu ya Moshi, alileta televisheni na deki, akajenga banda, akapanga mabenchi. Kanda alizipata Arusha mjini, nyingi za Kihindi. Watu walikuja siku za mwanzo, wakatazama wenzao wakilia na kupigana bila kujua wanagombea nini, wakaanza kupungua. Ndipo Reginald akamkumbuka Abdiel.

Abdiel aliacha shule darasa la nne, baba yake alipofariki. Alipelekwa mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, akabeba majora mpaka alipoota ndevu, akarudi nyumbani na sifa ya kujua Kihindi. Sifa hiyo hakuitafuta. Siku moja alikuwa akiswaga ng'ombe kutoka mtoni, akawaambia jaldi, jaldi, kama yeye alivyokuwa akiambiwa dukani. Watu wakacheka, yeye akadhani imeishia hapo. Kumbe haikuishia. Kweli yenyewe ni kwamba Kihindi alichokijua kilikuwa kile cha kufokewa: haraka, nyanyua, weka pale, mjinga, funga mlango. Picha nzima ya watu kupendana na kufiwa huwezi kuitafsiri kwa maneno hayo.

Lakini Reginald alipomwuliza kama anaweza kuzitafsiri picha zake, Nice alikuwa na mimba ya binti yao Princess na mahindi yalikuwa yamekaukia shambani. Abdiel alisema anaweza.

Akaweza kweli. Aliichungulia kanda mara moja peke yake, sauti ikiwa chini, akitazama nyuso. Mama anayelia ni mama anayelia, na baba anayemnyooshea binti kidole mlangoni hahitaji kamusi. Mengine aliyajaza mwenyewe. Wazee wa kwenye picha aliwapa maneno ya wazee wa Kimeru wakiwa kwenye kikao cha ukoo. Wachumba aliwapa maneno ambayo yeye mwenyewe angependa kumwambia Nice na hakuwahi kuthubutu. Watu walitoka wakifuta machozi, na wengine walitoka Tengeru kwa miguu kuja kumsikiliza. Hakumwambia mtu kwamba anatunga, hata Nice. Mwaka wa kwanza aliogopa. Baadaye alisahau kwamba kuna kitu cha kuogopa.

Sasa ikaja ile picha ya polisi. Alikuwamo polisi mnene mwenye masharubu na tumbo la kutangulia, na alikuwamo polisi kijana, ndiye steringi, shujaa wa picha. Yule mnene alikuwa anakula na watu wa magendo. Hilo hata mtoto angeliona, maana kila gari lililofika kwenye kizuizi chake lilipita, naye akatazama pembeni kama anayeangalia ndege. Halafu kulikuwa na sanduku jeusi, limebebwa na mtu wa kofia kutoka gari moja hadi jingine. Ndani ya sanduku mna nini? Picha haikuonyesha. Wahindi walikuwa wakiongea kwa haraka, na banda zima lilikuwa likimsubiri Abdiel.

Mchana huo Abdiel alikuwa amekaa kwa shemeji yake Philemoni, kaka yake Nice, aliyekuwa na kibanda cha kuchaji betri za magari. Kibanda chenyewe kiliegemea ukuta wa banda la video. Betri zilitoka kila mahali ambako umeme haujafika, zikaletwa na mabasi, zikachajiwa, zikarudi kuwasha redio na taa. Abdiel alikuwa amezitazama zikishushwa mchana kutwa bila kuwaza chochote. Basi alipoliona lile sanduku jeusi lenye mkono wa kushikia, mdomo wake ulitangulia kichwa.

"Ndani ya betri hii hamna asidi," alisema kwa sauti ya yule mnene. "Mna mawe ya Mirerani. Na mimi sajini nimeyaona, na sijayaona."

Kila mtu alijua tanzanaiti ya Mirerani inavyotoroshwa, na banda liliangua kicheko mpaka mabati yakatetemeka. Watu walipiga makofi, wakapigana mabegani. Benchi la nyuma kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama akatoka, na Abdiel alidhani anakwenda kujisaidia.

Siku zilizofuata watu hawakutaka picha nyingine. Reginald aliandika kwa chaki ubaoni: LEO TENA PICHA YA BETRI. Vijana waliyashika maneno yote ya yule mnene wakayasema njiani, wakayasema kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Ikafika mahali basi likisimamishwa na polisi kule kwenye kizuizi cha barabarani, abiria mmoja anasema kutoka dirishani kwa upole wote, afande, umeangalia betri? Na basi zima linacheka.

Aliyekuwa zamu kwenye kizuizi hicho mara nyingi alikuwa Sajini Hans. Hakuwa mnene wala hakuwa na masharubu. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, asiyeinua sauti.

Alikuja bandani siku ya kawaida, amevaa shati la nyumbani, akaketi benchi la mbele, akaitazama picha yote. Watu hawakucheka sana siku hiyo. Ilipokwisha alimwomba Abdiel wakanywe chai kwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara. Abdiel alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaagiziwa chai ya maziwa na andazi kama mgeni wa heshima.

Sajini alikoroga sukari yake muda mrefu. Alisema picha ameipenda. Alisema Abdiel ana kipaji na kwamba mwenye kipaji anatakiwa ajitunze. Kisha akauliza:

"Nani alikuambia?"

Abdiel hakuelewa. Alipoelewa, chai ilimwendea pabaya. Hapo ndipo alipokumbuka kitu ambacho macho yake yalikiona na kichwa chake hakikukipokea: mtu wa kofia, si wa kwenye picha bali wa kweli, akishuka kwenye basi mbele ya kibanda cha Philemoni, kabeba betri ya lori kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba kikapu cha mayai.

"Hakuna aliyeniambia, afande. Nilitunga."

"Ulitunga."

"Mimi Kihindi sikijui. Naangalia wanavyofanya, naweka maneno yangu."

Sajini alimtazama, kisha akacheka kidogo, bila ubaya. "Mke wangu alilia kwenye ile picha ya mama kipofu. Yule mama alivyomwambia mwanawe, nimekujua kwa harufu ya nywele zako. Nyumbani kwangu mpaka leo tunalisema hilo neno. Wewe unataka niamini ulilitoa kichwani, hapa Maji ya Chai?"

"Nililitoa kichwani, afande."

"Basi ungekuwa mtu mkubwa, Abdiel. Usingekuwa umekaa kwenye kigoda cha Reginald." Alisukuma kikombe pembeni. "Sikiliza. Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini na mimi nina watu wanaoniuliza, na wao hawaniulizi kwa chai. Nipe jina moja niwapelekee, tumalize."

"Sina jina."

"Jina lipo. Kibanda cha betri kimeegemea ukuta wenu. Nikikosa la kwako nitachukua la karibu." Alisimama, akamlipia, akamtakia jioni njema. Alipofika mlangoni alisema watakutana siku ya gulio.

Abdiel alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake. Philemoni alikuwa ameinama juu ya betri na glavu zake zilizotoboka, akiongeza maji. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Kilutheri, na mikono yake ilikuwa na madoa ya asidi mpaka kwenye viwiko. Abdiel alipomaliza kueleza, Philemoni hakuinua kichwa. Na yeye aliuliza neno lile lile.

"Shemeji, nani alikuambia?"

Abdiel aliapa tena kwamba hakuna. Philemoni akavua glavu. Akasema yeye alijua siku nyingi. Betri za yule mtu wa kofia hazichaji; anazichomekea waya tu ili watu waone zimechomekwa, zinakaa, kisha zinapanda gari la kwenda mjini, na kutoka mjini anadhani zinaelekea mpakani Namanga. Hakuwahi kufungua hata moja. Hakuwahi kumwambia mtu, si mkewe, si Mungu kwa sauti. Siku ya kwanza alijaribu kuzikataa, na kesho yake Sajini alikuja kumwuliza kwa adabu kama kibanda chake kina leseni. Akaacha kukataa.

"Nilikaa kimya ili nisiguswe," alisema. "Sasa wewe umenisemea, na hata hukujua unasema."

Walikaa wakitafuta pa kwenda. Kituoni ni kwa Sajini. Mjini ni kwa wakubwa wa Sajini, na hakuna aliyejua mzigo ule unaishia kwenye meza ya nani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa akinywa soda na mtu wa kofia mbele za watu. Philemoni alisema angeweza kukimbilia Moshi kwa mjomba wake, lakini akikimbia atakuwa amekubali, na watoto wake wataulizwa yeye yuko wapi. Wakabaki wanasikiliza betri zinavyotoa mapovu.

Nyumbani Abdiel alimwambia mkewe yote. Alimwambia hata lile la Kihindi, akisubiri aone uso wake ukibadilika. Nice alikuwa akichambua maharage. Hakubadilika.

"Wewe ukishikwa na homa unaweweseka Kihindi," alisema. "Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Yale ni matusi ya dukani, Mama Princess."

"Hata kama. Mtu haoti lugha asiyoijua." Akapepeta ungo, akautua. "Baba alipokukataa usinioe, kaka ndiye aliyekushika mkono akakuingiza ndani. Sikuambii la kufanya. Nakuambia tu asiguswe."

Abdiel alijaribu njia aliyoiona. Kesho yake, sanduku jeusi lilipotokea, alisema ndani mna saa za mkononi kutoka Ulaya. Banda liligeuka soko. Saa za nini, walisema, leo umelewa? Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu alisimama akasema kama mtafsiri amechoka aseme, wao picha wanaijua. Wakaisema wenyewe, hamna asidi, mna mawe, sauti ya banda zima, wakimfundisha. Abdiel alibaki na fimbo mkononi. Reginald alimfuata baadaye akamwuliza ana shida gani. Abdiel alimwomba kanda ile irudishwe mjini. Reginald hakuwa mtu mbaya, ila alisema siku ya gulio akiweka kanda nyingine watu watamvunjia mabenchi.

"Basi nitawaambia watu kwamba sijui Kihindi," Abdiel alisema.

Reginald alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Nenda kapumzike," alisema. "Sauti inakuharibikia."

Siku ya gulio ilifika. Watu walishuka kutoka milimani na ndizi, wengine walitoka upande wa tambarare na mbuzi, na ilipofika alasiri banda lilikuwa limejaa mpaka wengine wamesimama ukutani. Abdiel alisukutua kama kawaida nyuma ya mabati. Tangawizi ya Nice siku hiyo ilikuwa kali kuliko siku zote. Alipoingia alimwona Sajini Hans benchi la mbele, na pembeni yake kijana mgeni aliyenyoa nywele kipolisi. Alimwona Philemoni pia, amekaa karibu na mlango, amevaa koti lake la kwaya. Hakuwa na kawaida ya kuja. Labda aliona ni afadhali awe mbele za watu.

Picha ilianza. Abdiel alifanya kazi yake vizuri, tena vizuri kuliko siku nyingine, kwa sababu alitaka wamwamini atakapofika pale. Mama wa steringi alipombariki mwanawe, kinamama wa benchi la tatu walivuta kamasi. Kisha sanduku jeusi likashushwa kwenye gari, na yule mnene akalisogelea, akafungua mdomo.

Abdiel alisimama. Alikuwa hajawahi kusimama katikati ya picha.

"Huyu sijui anasema nini," alisema.

Kisha mtu mmoja akacheka, akafuatiwa na mwingine, na banda lote likapasuka. Walidhani ni maneno ya steringi. Abdiel aliinua mkono. Alisogea mbele ya televisheni, mwanga ukampiga usoni, na kwa mara ya kwanza watu wakayaona meno yake yakitafsiri.

"Ni mimi nasema, si picha. Mimi Abdiel. Kihindi sikijui. Sikukijua tangu mwanzo. Neno la betri nimelitunga mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Philemoni hakuniambia. Hakuna aliyeniambia."

Walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye mabenchi. Walipiga makofi. Leo amekuja na mpya, walisema, leo katuweza. Mzee mmoja alikuwa akijifuta macho kwa kofia, akisema huyu mtu angezaliwa Ulaya angekuwa na nyumba ya ghorofa. Kadiri Abdiel alivyosema ni kweli, ni kweli jamani, ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Akamtafuta Nice kwa macho, akakumbuka hayupo. Akamtazama Reginald mlangoni. Reginald alikuwa akicheka na yeye, lakini macho yake yalikuwa yakimwomba akae.

Watu wawili tu hawakucheka, Philemoni na Sajini. Sajini alikuwa amemkazia macho kwa makini, kama mtu anayesoma. Pengine wakati huo alimwamini. Abdiel aliona kitu kama hicho kikipita usoni mwake. Lakini alikuwa amekuja kuchukua jina, na jina lilikuwa limeshatajwa mbele ya watu wote, na aliyelitaja ni Abdiel mwenyewe.

Sajini alisimama, akapita katikati ya magoti ya watu akisema samahani, samahani, akafika mlangoni. Alimgusa Philemoni begani. Hakumvuta. Abdiel alisikia akimwambia kuna betri za wizi zimeripotiwa, ni maswali mawili tu, twende. Philemoni alifunga vifungo vya koti lake mpaka cha juu kabisa, akatoka mbele, na yule kijana aliyenyolewa akafuata. Mtu aliyekuwa amesimama ukutani alikaa haraka kwenye nafasi yake.

"Tafsiri, bwana," mtu alisema. "Picha inatupita."

Abdiel alirudi kwenye kigoda. Kwenye televisheni polisi kijana alikuwa amemkamata yule mnene shingoni, anamtikisa, wote wawili midomo inakwenda mbio. Alizitazama nyuso kama alivyozitazama siku zote. Hasira ilikuwepo, woga ulikuwepo, kila kitu kilikuwepo. Alifungua mdomo akangoja maneno yaje. Hayakuja. Alibaki anasikia Kihindi, sauti za watu wanaosema jambo lao kwa lugha yao, na yeye hamo.

Aliilaza fimbo juu ya kigoda, akatoka. Walidhani amekwenda kujisaidia.

Nje jua lilikuwa bado lipo na gulio lilikuwa linafungasha. Kibanda cha Philemoni kilikuwa wazi, betri zimepangwa kwenye ubao, zinatoa mapovu, glavu zimelazwa juu ya kopo. Kwenye nafasi ya betri za mtu wa kofia hapakuwa na kitu, pamefagiliwa. Upande wa juu, njiani, ndipo ilipokuwa nyumba ya Abdiel, na Nice angekuwa anapika sasa, akisikiliza hatua. Abdiel aliitazama njia hiyo. Alijua swali atakaloulizwa, nalo lilikuwa jepesi sana: kaka yuko wapi? Akaipa mgongo njia, akashika barabara kuu kando kando ya lami, mikono mitupu, kiganja mdomoni kama kawaida yake ya mchana.

Nyuma yake banda lilikuwa limechoka kumsubiri. Mtu mmoja alianza, wengine wakadakia, na maneno yake yalimfikia barabarani, yote, bila kukosea hata moja, hamna asidi, mna mawe, nimeyaona na sijayaona. Hawakumhitaji. Hakugeuka kutazama. Sauti iliendelea kumfuata mpaka kwenye kona ya daraja, kisha likapita lori, na lilipokwisha kupita hakuisikia tena. Kikombe chake kilibaki nyuma ya mabati, kimefunikwa na kisahani, mpaka Nice alipokuja kukichukua.